Ajizi na Kuishiwa Ari: Historia ya Jina katika Maradhi ya Mabaka ya Ubongo

Neno ajizi lina historia impasayo kuiangalia kila mtu ashughulikaye na kutafsiri maandishi ya utabibu. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ya msingi ni kutoweza, yaani kushindwa na jambo kwa kuwa nguvu za mtu hazilifikii. Katika shina hilo hilo yametoka maneno ajuza, mwanamke mkongwe aliyeishiwa nguvu, na muujiza, jambo liwashindalo watu kutenda mfano wake. Lakini lilipoingia katika Kiswahili neno ajizi lilihama. Mwenye ajizi kwetu si yule asiyeweza. Ni yule awezaye, naye akachagua kukawia. Methali isemayo kwamba ajizi ni nyumba ya njaa haimhurumii mtu, bali yamwonya na kumlaumu.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba utabibu wa Ulaya na Marekani, katika kuyachunguza maradhi fulani ya ubongo, umekwenda safari hiyo hiyo kwa kinyume: umetoka katika kuhukumu tabia ya mgonjwa ukafika katika kutambua kutoweza kwake. Tukiitafsiri elimu hiyo bila hadhari, tutamrudisha mgonjwa kwenye lawama alikokwisha kutolewa.

Maradhi yenyewe kwa Kiingereza huitwa maltipo skilerosisi. Hapa nitayaita maradhi ya mabaka, kwa kuyafuata majina waliyoyatumia Wafaransa. Katika maradhi haya kinga ya mwili huushambulia utando wenye mafuta, uitwao mielini, uzizungukao nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Mahali palipoumizwa hubaki baka gumu, na habari zipitazo hapo huchelewa au hukatika. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, nayo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na Ikweta, na yafaa kudhani kwamba hii ni sababu mojawapo ya Kiswahili kutokuwa na jina lake la kale.

Mabaka hayo yalikwisha kuchorwa na Robert Carswell na Jean Cruveilhier, waliochunguza viungo vya maiti katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Lakini aliyeyaeleza maradhi kwa ukamilifu ni Jean-Martin Charcot, tabibu wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, katika mihadhara yake ya mwaka wa 1868. Alitaja macho yachezayo pasipo kutaka, mkono utetemekao unapotaka kushika kitu, na usemi uliokatwa silabi moja moja, mfano wa mtu ahesabuye mizani za shairi. Kisha akaongeza jambo ambalo kwa miaka mingi halikutiliwa maanani: kwamba wengi wa wagonjwa kumbukumbu zao zilidhoofika, fikira zao zilikuja polepole, nao walikuwa hawashughuliki na lolote. Yafaa kuangaliwa kwamba Charcot aliyaweka mambo haya mawili, udhaifu wa akili na kutoshughulika, mahali pamoja.

Waliofuata waliyatenganisha. Mwaka wa 1926 S. S. Cottrell na S. A. Kinnier Wilson walitoa taarifa ya uchunguzi wao wa wagonjwa 100. Kilichowashangaza ni uchangamfu wa wengi wao, usiolingana kabisa na hali za miili yao. Ama upungufu wa akili, waliuona kuwa jambo dogo. Rai hiyo ilikaa muda mrefu. Kwa miongo mingi mgonjwa aliyesahau, au aliyekaa kitako asianze kazi, aliweza kuambiwa kwamba hilo halikutoka katika maradhi yake. Basi lilitoka wapi? Halikubaki jibu ila tabia yake.

Mwaka wa 1991 mambo mawili yalitokea, kila moja kwa njia yake. Stephen Rao na wenzake huko Marekani waliwapima watu 100 wenye maradhi haya, waliotafutwa nje ya hospitali, wakawalinganisha na watu 100 wenye afya. Kwa hesabu yao asilimia 43 ya wagonjwa walikuwa na upungufu wa akili, hasa katika kukumbuka mambo ya karibuni, kudumisha makini, na kufikiri upesi. Mwaka huo huo Robert Marin, naye wa Marekani, alitoa kipimo chenye maswali 18 cha kupimia hali iitwayo apathia. Neno hilo ni la Kiyunani, na wanafalsafa wa Kistoa walilitumia kwa sifa: mwenye hekima hatawaliwi na harara za moyo. Marin alilifanya jina la ugonjwa, yaani kupungua kwa msukumo wa kutenda ambako hakukuletwa na kupotewa na fahamu, wala na kuvurugika kwa akili, wala na dhiki ya moyo. Mwaka wa 2006 Richard Levy na Bruno Dubois waliigawa hali hiyo mafungu matatu: mtu aweza kukosa kuguswa na jambo, au kushindwa kupanga hatua za kulitenda, au kukosa kile kianzishacho tendo lenyewe.

Fungu la pili ndilo lirudishalo maneno ya Charcot. Uchunguzi wa miaka ya karibuni katika wenye maradhi ya mabaka umeonyesha mara kwa mara kwamba apathia hufuatana na upungufu wa akili, na hasa wa uwezo wa kupanga na kuongoza matendo. Sababu yaeleweka. Sehemu ya mbele ya ubongo haifanyi kazi peke yake. Hupokea na kupeleka habari kwa nyuzi ndefu zifikazo kwenye viini vilivyo ndani, na mabaka huzikata nyuzi hizo. Mtu aweza kujua kwamba shamba lataka kupaliliwa, na jembe liko mlangoni, na mkono una nguvu, lakini kati ya kujua na kuinuka njia imekatika.

Hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa lugha ianzapo. Kipimo cha Marin huweza kujazwa na mgonjwa, au na mtu amjuaye, au na tabibu. Tukimwuliza mke kama mumewe amekuwa mvivu, tumekwisha kumpa hukumu kabla ya ushahidi. Uvivu, uzembe na ajizi yote hudai kwamba mtu alikuwa na hiari. Kutojali hudai vivyo hivyo, na mgonjwa mwenyewe atakana, kwani anawajali watoto wake. Uchovu ni kitu kingine: mchovu ataka, lakini nguvu zimekwisha. Huzuni nayo huuma, lakini mwenye apathia huenda haumwi na kitu.

Napendekeza kuishiwa ari. Faida yake imo katika umbo la kitenzi. Uvivu huzaa mvivu, na uzembe huzaa mzembe. Jina la kosa huwa jina la mtu. Lakini kuishiwa ni kitenzi cha namna ya kufiwa: jambo limetukia kwingine, na mtu ndiye lililompata. Hakuna amlaumuye aliyefiwa. Kadhalika aliyeishiwa ari huulizwa lini ilianza kumwishia, na jamaa zake huelezwa kwamba kumkemea hakufai kitu, na kwamba yafaa zaidi kumpangia siku yake na kuianza kazi pamoja naye. Dawa iliyothibitika kwa hali hii katika maradhi haya haijapatikana. Kwa hiyo namna anavyosemeshwa nyumbani ni sehemu kubwa ya matunzo yake.

Wenzangu wanaweza kuwa na neno lililo bora kuliko hili. Lolote litakalochaguliwa, na lipimwe kwanza kwa swali moja: je, lamtaja mtu asiyeweza, au lamtaja mtu asiyetaka?