Dawa ya India si feki, wasee

Kuna neno linaniudhi sana huku Kericho. Mgonjwa wa limfoma akipewa rituksimabu iliyotengenezwa India, lazima kuna mjomba atasema, "Hiyo ni feki." Sasa kaa chini nikupe historia, maana inaanzia hapa jirani tu.

Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto waliokuwa wakivimba taya. Ilikuwa saratani, ile tunaita leo limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaingia kwa gari, wakasafiri karibu kilomita 16,000 wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimeuona ugonjwa huo. Wakakuta uko sana nyanda za chini zenye joto na malaria, na nadra huku juu milimani kwenye baridi. Kwa hiyo ukitoka kwenye majani chai yetu ukishuka kuelekea Kisumu, unaingia ukanda wake. (Msijipongeze bado. Limfoma ni nyingi, na zingine hazijali mlima.)

Ugonjwa ulielezwa Afrika Mashariki, lakini dawa ilitoka kwingine. Marekani iliidhinisha rituksimabu mwaka 1997. Hii ni kingamwili inayoshika alama iitwayo CD20 juu ya seli B, na mwili unaziua. Mwaka 2002 watafiti wa Ufaransa walitoa matokeo ya wazee wenye limfoma kali: waliopata kemo pamoja na rituksimabu, saratani ilipotea kabisa kwa asilimia 76, kemo peke yake, 63.

Shida ni bei. Hiyo si dawa ya kulipa na bonasi ya chai.

Mwaka 2007 kampuni ya India, Dr. Reddy's, ikaleta Reditux. Mwaka 2015 WHO ikaweka rituksimabu kwenye orodha ya dawa muhimu, na 2017 Ulaya ikakubali Truxima ya Celltrion kutoka Korea Kusini. Hizi ndizo baiosimila.

Kwa nini zisiitwe nakala tu? Panadol ni kemikali, ni kama chumvi: ukijua fomula, unaipata ileile. Rituksimabu hutengenezwa na seli hai, kwa hiyo ni kama kloni ya chai. Panda TRFK 6/8 Kericho, panda nyingine Bomet. Ni mmea uleule, lakini jani halitalingana kwa kila kitu. Ndiyo maana baiosimila hupimwa kando ya dawa ya kwanza, kuona kama inafanya kazi sawa. Feki haijapimwa na mtu. Uliza kama imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, hilo ndilo swali la maana, siyo imetoka nchi gani.

Na hapa ndipo inauma. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kikomo cha saratani kilikuwa shilingi 400,000, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Hiyo ni ya familia nzima, kwa mwaka. Matibabu ya limfoma mara nyingi ni mizunguko sita au nane, na humo kuna skani, vipimo vya damu, kitanda na nauli ya matatu hadi Eldoret ambayo SHA hailipi. Ukikataa baiosimila kwa sababu mjomba amesema, hizo pesa zinaweza kuisha ukiwa mzunguko wa tatu.