Kinyago na Mchongaji Wake

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Methali hii nimeisikia tangu utotoni wala sikuwahi kuitilia shaka, hadi nilipoanza kusoma historia ya zile sanamu ndogo za plastiki ambazo watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, huzinunua kwa hela nyingi na kuzipanga kabatini wasiziguse: askari, mashujaa wa sinema, majitu ya hadithi za picha. Huko nimekuta wachongaji ambao vinyago vyao vingeweza kuwatisha kweli. Si kwa sura, la hasha! Kwa sheria.

Rafiki yangu mmoja aliponikuta na vitabu hivyo alicheka sana. "Yaani wewe na ndevu zako unasoma habari za midoli?" Naam, ni midoli. Lakini kila mmoja wa midoli hiyo amepitia mikononi mwa mtu aliyeketi na kipande cha nta au udongo, akakwangua, akafuta, akarudia, hadi uso ukatoka. Swali langu ni moja tu: mtu huyo alipata nini?

Tuanze na Marekani, mwaka 1964. Miaka mitano kabla ya hapo Barbie alikuwa ametokea, na wasichana walikuwa wakimnunulia nguo kila kukicha. Bwana mmoja aitwaye Stan Weston, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza haki za kutumia majina na sura za wahusika, alijiuliza kwa nini wavulana nao wasiwe na mtu wao wa kumvisha magwanda na kumpa bunduki. Mwaka 1963 aliipeleka fikra hiyo kwa kampuni ya Hassenfeld Brothers, ambayo baadaye ilijulikana kama Hasbro, huko Rhode Island. Ndani ya kampuni, Don Levine na wenzake ndio walioigeuza fikra kuwa kitu cha kushikika. Walitengeneza mwili wa urefu wa sentimita 30 hivi, wenye viungo vinavyopinda kama ile mianasesere ya mbao ambayo wachoraji hutumia kujifunza maumbo. Akaitwa G.I. Joe.

Kulikuwa na tatizo la jina. Waliamini kwamba hakuna baba Mmarekani wa zama hizo ambaye angemnunulia mwanawe mdoli. Basi neno mdoli likaepukwa kama ukoma, na mahali pake likabuniwa jina jipya lenye maana ya "sanamu ya vitendo". Jina hilo ndilo linalotumika duniani hadi leo. Kumbe biashara nzima ilianza kwa kukwepa neno!

Tatizo la pili ndilo linalonihusu zaidi. Umbo la mwanadamu ni mali ya Mungu. Kampuni haiwezi kwenda mahakamani ikadai kwamba mikono miwili na miguu miwili ni mali yake. Mshindani angeweza kuiga askari yule na kumuuza kwa bei ya chini. Dawa ikawa kovu. Walimtia G.I. Joe kovu kwenye shavu la kulia, na sasa yeyote aliyemuiga pamoja na kovu lake alikuwa ameshikwa na ngozi. Tena gumba lake la kulia lilikuwa na kucha iliyokaa upande wa ndani, mahali ambapo kucha haioti. Kosa hilo nalo likawa ushahidi. Tazama basi: alama zinazomfanya awe "yeye" hazikutiwa kwa ajili ya uzuri, zilitiwa kwa ajili ya hakimu.

Uso wenyewe ulichongwa na Phil Kraczkowski, fundi aliyezoea kuchonga sura za wakubwa kwenye medali. Ni wangapi waliocheza na uso ule na kulijua jina lake? Weston naye alilipwa dola 100,000 kwa mkupuo mmoja, mambo yakaisha. Zilikuwa hela nyingi kwa wakati ule, sikatai. Lakini angechukua mrabaha, yaani sehemu ndogo ya kila kilichouzwa, hesabu ingekuwa nyingine kabisa, kwani G.I. Joe ameuzwa kwa miongo mingi. Mwaka 2003 sampuli ya kwanza kabisa, ile aliyoitengeneza Levine, ilinunuliwa peke yake kwa dola 200,000. Mara mbili ya malipo aliyopata mwenye fikra.

Twende kwenye mwaka 1977. Filamu ya Star Wars ilitoka mwezi Mei, na kampuni kubwa ya Mego ilikuwa imekataa kutengeneza sanamu zake. Kenner, kampuni ya mjini Cincinnati, ndiyo iliyokubali. Mbunifu wao kijana, Jim Swearingen, alisoma mswada wa filamu akachachamaa kwamba kazi hii isiwapite. Hakuwa na muda wa kuchonga kila kitu upya, hivyo alichukua vijitu vya kampuni nyingine, akavikata na kuvibadilisha ili kuwaonyesha wakubwa kitu alichokuwa nacho kichwani. Ukubwa ukaamuliwa: sentimita 9 na nusu tu. Kwa nini wadogo hivyo? Kwa sababu wahusika wa filamu ile wanapanda vyombo vya angani, na kwa mtu wa sentimita 30 chombo chake kingejaza sebule. Hivyo hesabu ya sebule za watu ndiyo iliyopanga kimo cha mashujaa, na kimo hicho kiliigwa na kampuni nyingi baadaye.

Lakini sanamu haiivi kama chapati. Mchongaji huanza na nta. Nta ikikubaliwa humiminiwa silikoni ili ipatikane kalibu laini, kutoka kalibu hiyo hutoka nakala ngumu, na nakala hiyo ndiyo inayoongoza ukataji wa kalibu ya chuma itakayofyatua maelfu kwa maelfu. Kalibu ya chuma ni ghali na haitengenezwi kwa wiki moja. Krismasi ya mwaka 1977 ilipofika, madukani hakukuwa na kitu. Kenner wakafanya jambo ambalo bado linanichekesha: wakauza bahasha ya kadibodi yenye hati ndani yake. Mtoto aliijaza hati, akaituma kwa posta, na mwaka 1978 ndipo alipoletewa sanamu zake nne. Watoto walinunua ahadi!

Kisha kuna kisa cha Boba Fett. Mwaka 1979 Kenner walitangaza sanamu ya mhusika huyu yenye kombora mgongoni linaloruka kwa springi. Lakini mwishoni mwa mwaka 1978 mtoto mmoja alikuwa amekufa baada ya kukabwa na kombora dogo la toi ya kampuni nyingine. Kenner wakarudi nyuma, wakaligandisha kombora, na sanamu ya kurusha haikuuzwa dukani hata siku moja. Zilibaki sampuli za karakana tu. Mwaka 2024 mojawapo, iliyopakwa rangi kwa mkono, iliuzwa mnadani kwa dola 525,000. Mamilioni waliozaliwa wakanunuliwa kwa dola chache, na yule aliyekatazwa kuzaliwa akawa ghali kuliko ndugu zake wote. Mafundi waliomtengeneza walikuwa waajiriwa. Mshahara wao walishaupokea.

Sasa tuvuke bahari hadi Japani, kwa sababu huko swali la mchongaji lilipata jibu la aina yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana waliopenda majitu ya sinema na katuni walichoshwa na sanamu za madukani zisizofanana na wahusika wao. Wakaanza kuchonga wenyewe nyumbani. Silikoni na rezini zilikuwa zimeanza kupatikana, na mtu mmoja chumbani mwake aliweza kumwaga nakala makumi kadhaa kabla kalibu haijachakaa. Duka dogo la Osaka liitwalo Kaiyodo, lililofunguliwa mwaka 1964, likawa kijiwe chao. Mwaka 1985 likaanza rasmi soko lao la wazi, Wonder Festival, na tangu mwaka 1992 Kaiyodo ndio wanaoliendesha.

Shida ni kwamba wahusika wale walikuwa na wenyewe: kampuni za sinema na katuni. Dawa ya Wajapani inaitwa leseni ya siku moja. Mchongaji huomba mapema na kuonyesha kazi yake. Mwenye haki akikubali, huruhusiwa kuiuza kwenye soko lile, siku ile tu. Jua likizama ruhusa imekwisha. Kesho yake, mchongaji akiuza kinyago kilekile alichokichonga kwa mikono yake, anavunja sheria. Ndiyo maana nikasema kuna vinyago vinavyotisha.

Hata hivyo siudharau utaratibu huo. Sehemu nyingine mchongaji hana hata hiyo siku moja! Tena Japani walimpa mchongaji jina. Fundi wa Kaiyodo aitwaye Bome alifahamika kwa wakusanyaji kama mwimbaji anavyofahamika kwa mashabiki. Mwaka 1997 msanii Takashi Murakami alishirikiana naye kutengeneza sanamu ya ukubwa wa mtu iitwayo Miss ko2. Mwaka 2003 nakala yake iliuzwa kwenye mnada wa Christie's mjini New York kwa dola 567,500, ikiwa ni kazi ya Murakami. Hapo ndugu yangu mkono mmoja ulichonga, na jina jingine likapanda mnadani.

Marekani nako mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1991 DC Comics walitoa sanamu ya Sandman iliyochongwa na Randy Bowen, na wanunuzi wakaanza kuulizia aliyechonga, si aliyechongwa tu. Mwaka 1994 Todd McFarlane, mchoraji aliyemmiliki mwenyewe mhusika wake Spawn, alifungua kampuni yake ya sanamu badala ya kuwauzia wakubwa haki zake. Mwaka 1999 wachongaji wanne wakamwacha, wakajiita Four Horsemen. Walizichongea kampuni kubwa kwa miaka mingi, na mwaka 2015 wakawaomba wakusanyaji wenyewe wachange ili watoe sanamu za ulimwengu walioubuni wao, Mythic Legions. Wakachangiwa. Baada ya miaka yote ya kuchonga watu wa wengine, hatimaye walichonga wa kwao, na kalibu, jina na haki vikakaa mkono mmoja.

Wengine watasema hayo ni ya Wazungu na Wajapani, sisi yanatuhusu nini? Nenda Mwenge, Dar es Salaam, utazame vinyago vilivyopangwa safu kwa safu, kisha uulize kila kimoja kimechongwa na nani. Utatajiwa bei kabla ya jina. Na siku hizi kijana wa Nairobi au Mwanza anaweza kuchonga kwa kompyuta na kumpelekea mteja wa ng'ambo asiyewahi kumwona. Atakapoletewa karatasi ya kutia sahihi, namsihi aisome mpaka mstari wa mwisho: kama ni malipo ya mkupuo au mrabaha, kama jina lake litaandikwa chini ya kitako cha sanamu, kama kesho ataruhusiwa kusema "hiki nimekichonga mimi".

Wahenga hawakukosea. Ila waliisema methali yao zama ambazo mwenye kuchonga ndiye aliyekuwa mwenye kinyago.