Mgeni anayejua kuwa ni mgeni

Hapa Bondo, wanafunzi wengi wanaonijia na laptopu wanataka kitu kimoja: Linux ndani ya Windows bila kufuta chochote. Huwa nawawekea VirtualBox. Kwa laptopu ya RAM GB 4, kila tone la kasi lina thamani, ndiyo maana leo naandika kuhusu neno refu lililo kwenye mipangilio yake: paravachualaizesheni.

Mashine pepe ni kompyuta ndani ya kompyuta. Mfumo wa ndani huitwa mgeni, na programu inayomsimamia ni haipavaiza. Mgeni hudhani prosesa yote ni yake. Kwenye x86 za zamani uongo huo ulikuwa mgumu kuutunza: mwaka 2000 watafiti Robin na Irvine walihesabu amri 17 nyeti ambazo mgeni angeweza kuzitoa bila haipavaiza kushtuliwa. VMware Workstation ya 1999 ilizikwepa kwa kutafsiri amri za mgeni papo hapo. Ufundi wa ajabu, lakini mzito.

Mwaka 2002 mradi wa Denali wa Chuo Kikuu cha Washington ulilileta neno hili, na 2003 Xen ya Cambridge ikalipa umaarufu. Wazo? Usimdanganye mgeni. Ibadilishe kerneli yake ili amri zile nyeti aziombe kwa haipavaiza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Hata EC2 ya Amazon, iliyozinduliwa 2006 na kujengwa na timu ya Cape Town (Waafrika tulikuwepo, jamani), ilianza juu ya Xen.

Shida ni kwamba kerneli ya Windows si yako kuibadilisha. Halafu Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 wakazirekebisha prosesa zenyewe, na ungedhani wazo limekufa. Lilihamia kwenye vifaa. Kuiga kadi halisi ya mtandao ni kazi bure: kila mgeni anapoigusa kadi hiyo isiyokuwepo, anasimamishwa ili haipavaiza aigize. Virtio ya Rusty Russell, iliyoingia kwenye Linux 2.6.24 Januari 2008, humruhusu mgeni kupanga maombi mengi kwenye memori ya pamoja, kisha kupiga hodi mara moja.

VirtualBox ilipata kadi ya virtio kwenye toleo 3.1 la 2009. Toleo 5.0 la 2015 likaongeza lugha za KVM kwa wageni wa Linux na Hyper-V kwa Windows, zinazosaidia hasa kwenye saa. Hapo acha chaguo la kawaida, litajichagulia lenyewe. Kadi ya mtandao ndiyo ubadilishe mwenyewe iwe virtio. Linux tayari ina draiva yake, Windows utaiwekea.