Kuishi Mara Moja: Mapango na Ngoro za Litembo

Mnamo mwaka 1980, vijana wawili waliokuwa wakisoma chuo kikuu huko California, Michael Toy na Glenn Wichman, waliunda mchezo wa kompyuta wakauita Rogue. Haukuwa na picha za kupendeza. Mchezaji alikuwa alama moja ndogo kwenye kioo, na maadui zake walikuwa herufi za alfabeti. Alishuka katika mapango ya chini ya ardhi, tabaka baada ya tabaka, akitafuta hirizi iliyofichwa huko chini. Mambo mawili yaliufanya mchezo huo ukumbukwe. Kwanza, mapango hayo yaliundwa upya kila mchezo ulipoanza, hivyo kukariri njia hakukumfaa mtu kitu. Pili, aliyekufa alikufa. Rekodi ya safari yake ilifutwa, naye akalazimika kuanza tena juu kabisa, mikono mitupu. Michezo iliyotokana na huo haihesabiki leo, na vijana wetu wanaicheza kwenye simu zao.

Wanafunzi wangu ndio walionieleza haya. Niliwauliza inawezekanaje mtu ashinde mchezo wa namna hiyo, nao wakanijibu bila kusita kwamba anayekufa ni yule wa kwenye kioo, bali mafunzo hayafi. Unapoanza tena hujui njia, lakini unajua kanuni: lini upigane, lini ukimbie, chakula ukitumie vipi. Jibu hilo ni zuri, ila lina pengo moja ambalo mwanahistoria hawezi kulifumbia macho. Katika mchezo, aliyekufa na anayejifunza ni mtu mmoja, ameketi salama kitini. Katika historia ni watu wawili tofauti, na mmoja wao yuko kaburini. Mafunzo yanavukaje kutoka kwa yule hadi kwa huyu? Swali hilo hunirudisha Litembo, katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, ambako watu waliwahi kuishi mapangoni kwelikweli.

Tuanze na hatari yenyewe. Katikati ya karne ya 19 makundi ya Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, yalifika katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Ruvuma. Baada ya kupigana wao kwa wao, zikasimama dola mbili za Kingoni, Njelu na Mshope. Dola hizo zilitegemea uvamizi kwa kiasi kikubwa. Majirani walitekwa, mazao na mifugo vikachukuliwa, vijana waliotekwa wakafanywa askari. Sisemi haya ili kuwalaumu Wangoni wa leo, ambao wengi wao ni wajukuu wa mateka hao hao. Watu wa asili mbalimbali walimezwa katika dola hizo hata wakajiita Wangoni kwa fahari. Nasema tu kwamba kwa aliyeishi nje ya dola hizo, uwanda wa tambarare ulikuwa mahali pa kufia.

Wakapanda milimani. Umatengo ni nchi ya miteremko mikali, na Litembo kuna miamba yenye mapango ambamo watu waliweza kujificha na kujihami. Shujaa mwenye ngao na mkuki, aliyezoea kupigana akiwa amejipanga na wenzake kwenye uwanda, hakuwa na faida kubwa mbele ya mlango wa pango ambao hupitisha mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana kumbukumbu za mapango zimebaki katika simulizi za Wamatengo hadi leo, na mgeni anayefika Litembo huonyeshwa.

Hata hivyo nina maoni kwamba tumeyapa mapango sifa kupita kiasi. Pango humficha mtu kwa siku, pengine kwa majuma. Halimlishi. Tena ulinzi wake ni wa adui wa aina moja. Mwaka 1902, Wajerumani walipopigana na Wamatengo, miamba iliyokuwa imeukinga ukoo dhidi ya mikuki haikuweza kuukinga dhidi ya bunduki. Mapango yalikuwa yale yale, lakini mchezo ulikwisha kubadilika. Anayesherehekea mapango peke yake anasherehekea ramani, na ramani, kama wanafunzi wangu walivyonikumbusha, ndicho kitu cha kwanza kupitwa na wakati.

Kilichowafanya Wamatengo wabaki ni ngoro.

Hebu fikiria tatizo lao. Watu wengi wamebanana juu ya milima. Hawawezi kuhamahama na mashamba kama walivyofanya wengi wakati ule, kwa maana kushuka ni kukutana na wavamizi. Mteremko ni mkali, mvua ni nyingi. Mvua ya msimu mmoja ikiukuta udongo uko wazi, inauchukua hadi bondeni, na udongo ukishateremka haurudi katika uhai wa mtu. Hapo ndipo kifo kisicho na marudio kinapoonekana kwa sura yake halisi: si cha mtu mmoja bali cha shamba, na kwa hiyo cha wote ambao wangezaliwa juu yake.

Ngoro ilijibu tatizo hilo hivi. Mvua zinapokaribia mwisho, mnamo mwezi Machi, majani yaliyoota shambani hufyekwa, kazi ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Majani hayo hayachomwi. Hulazwa kwa mistari inayokatizana, ikagawa mteremko mzima katika miraba ya takriban mita 1.5 hadi 2 kila upande. Kisha wanawake huingia na majembe. Huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuutupa juu ya majani yaliyolazwa, hata majani yakafunikwa na kuwa matuta, na katikati likabaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta na kuvunwa kati ya Juni na Julai. Mvua za mwisho wa mwaka zinaporudi, matuta yale yale hupandwa mahindi, na majani yaliyozikwa yamekwisha kuoza yakawa mbolea. Baada ya mavuno ya mahindi, shamba hupumzishwa hadi Machi nyingine, na kazi huanza upya.

Ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde, mlima mzima unafanana na sega la nyuki. Maji ya mvua hayapati njia ya kukimbilia. Yanaingia shimoni, yanatulia, yanaacha tope lake, yanazama ardhini. Yakizidi, shimo la chini linayapokea. Hakuna jiwe wala saruji, na hakuna kitu cha kununua. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba utaratibu huu ulikomaa katika msongamano ule wa milimani, enzi za uvamizi. Mtu hawezi kutaja aliyeubuni, na nadhani hakuwa mmoja. Ni lazima kulikuwa na mashamba yaliyoporomoka kabla ya ngoro kusimama, na familia zilizoshinda njaa kwa sababu matuta yalilazwa vibaya. Wao ndio waliolipa ada ya shule.

Narudi sasa kwenye swali la kuvuka kwa mafunzo. Wamatengo walikuwa na desturi iliyoitwa sengu, ambapo watu wa ukoo walikula pamoja wakiongozwa na babu, na hapo hapo palikuwa mahali pa kuonyana, kugawana kazi, kuamua mambo ya ardhi na kuwafunza vijana. Ardhi nayo haikugawanywa ovyo: ukoo ulishika ntambo, yaani mgongo mmoja wa mlima kati ya mabonde, kuanzia juu hadi chini kwenye maji. Mpango huu una akili kubwa. Anayelima juu na anayelima chini ni ndugu, wanakula sahani moja. Mwenye kulegeza ngoro zake za juu atakutana usiku huo huo na yule ambaye shamba lake limejaa maji kwa uzembe wake. Hadithi nazo zilifanya kazi yake. Anayesoma Matengo Folktales, mkusanyo wa Joseph Mbele uliotoka mwaka 1999, atamkuta sungura, mnyama asiye na nguvu, akiponea kwa werevu wake mbele ya wakubwa.

Dunia ya wasomi ilichelewa kuyaona haya. A. H. Pike aliandika kuhusu hifadhi ya udongo ya Wamatengo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1938. Mtu angetegemea kwamba serikali ya kikoloni, ambayo wakati huo ilikuwa na hofu kubwa juu ya mmomonyoko, ingejifunza kitu: si lazima kuhamisha ngoro kwenda kwingine, bali angalau kukubali kwamba mkulima wa mlimani anaweza kuwa mtaalamu. Miaka ya 1950 huko Uluguru, wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Ngazi hizo zilifukua udongo wa chini usio na rutuba, mavuno yakawa haba, watu wakakataa, na ghasia za mwaka 1955 zikauzika mpango huo. Waluguru waliitwa wabishi. Hakuna aliyewauliza wangekula nini mwaka ule ambao jaribio la bwana shamba lingeshindwa.

Hapa ndipo penye kiini cha hasira yangu, na msomaji anisamehe. Linganisha na Mpango wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa na kuenea hadi Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliharibika, udongo ukawa mgumu kama tofali, mvua hazikuja kama zilivyopangwa katika makaratasi ya London. Mwaka 1951 mpango ukaachwa na hasara ya takriban pauni milioni 36 ikafutwa kwenye vitabu vya serikali ya Uingereza. Waliobuni mpango walirudi makwao wakala chakula cha jioni. Huyo ndiye mchezaji mwenye uhai wa akiba. Mkulima wa Litembo hakuwa na hazina ya kumfutia hasara, na hadi leo bado tunamwita mwoga wa mabadiliko kwa sababu hataki kucheza kamari kwa kitu ambacho hawezi kukipata tena.

Tangu uhuru tumerithi tabia hiyo kwa uaminifu wa kusikitisha. Chama cha ushirika kilichowakopesha wakulima wa kahawa wa Mbinga mbolea na dawa kilianguka katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa. Familia zilizokuwa zimeegemea kahawa zikajikuta na mibuni mizee isiyo na dawa. Walioumia kidogo ni wale waliokuwa bado na ngoro za mahindi na maharage, wale ambao wataalamu walikuwa wamewaona si wakulima wa kibiashara vya kutosha. Katika miaka hiyo hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Japani walikuwa Mbinga wakipima kwa vifaa vya kisayansi jinsi shimo la ngoro linavyozuia maji. Inafaa kuwashukuru. Lakini ajabu ni kwamba ilibidi shimo lipimwe ndipo tuamini.

Sengu ilikwisha kufifia wakati huo. Kahawa ilileta fedha ya mtu mmoja mmoja, nyumba zikaanza kupika kila moja peke yake, na shule ikawachukua watoto mchana kutwa, ambalo ni jambo jema nisilotaka kulipinga. Tatizo ni kwamba ngoro haijengwi mara moja ikabaki kama ukuta. Kila baada ya misimu miwili inalazimika kufanywa tena, mraba kwa mraba, na mtu anayejua majani yalazwe kwa unene gani mteremko unapozidi ukali. Ujuzi huo hauko katika mtaala wa shule zetu. Uko mikononi mwa wanawake ambao wengi wao sasa ni bibi, na kila Machi huwa wamepungua kidogo.