Gugu maji katika usafishaji wa majitaka ya viwandani

Gugu maji (*Pontederia crassipes*) ni mmea unaoelea, wenye asili ya bonde la Amazon, unaotumika pia kuondoa metali nzito katika majitaka ya viwandani. Huoteshwa kwenye mabwawa ya kina kifupi ambamo maji hupitishwa polepole. Mizizi yake, iliyoshonana kama manyoya na kuning'inia majini, hunasa risasi, kadimiamu, kromiamu, shaba na zinki. Sehemu kubwa hubaki mizizini, kiasi kidogo tu hupanda majanini. Kromiamu ya valensi 6, yenye sumu kali, hugeuzwa ndani ya vijizizi kuwa ya valensi 3, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi.

Mimea hiyo sharti ivunwe kabla haijaoza, la sivyo metali hurudi majini. Iliyovunwa haifai kuwa lishe ya mifugo wala mboji ya shamba la chakula. Kasi ya ukuaji inayoufanya mmea ufae kwa kazi hii ndiyo iliyoziba ghuba na mialo ya Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990, hivyo ni hatari kuacha bwawa la aina hii liwe na njia ya wazi kuelekea mto au ziwa. Pia njia hii haifai kwa majitaka yenye chumvi nyingi, kwani maji ya chumvi huua mmea.