Bando na historia yake

Jamani wadau, jana vocha yangu ya buku imeyeyuka kabla sijamaliza kushusha notsi za mtihani! Kumbe bando lilikata, nikawa nalipia kila MB kwa bei ya nje ya bando. Nikajiuliza, tumetoka wapi?

Kabla ya 2009 pwani yetu haikuwa na mkongo wa baharini. Intaneti ilipitia setilaiti, kilomita kama 36,000 angani, ghali mno. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi, gharama ya jumla ikashuka. Ila rejareja ni hadithi nyingine: Aprili 2021 bei mpya za bando zilizua kelele Tanzania hadi serikali ikazisitisha.

Basi, angalieni salio kwanza. Mimi naenda kuazima notsi chumba cha jirani!