Wanaosema Ndani ya Mtu

Kwa Wakaguru wa milima ya kaskazini mwa Kilosa, mtu hukamilika kwa michango ya pande kadhaa. Damu hutoka kwa mama, na ndiyo inayomtia katika ukoo, maana Wakaguru huhesabu nasaba upande wa mama. Mifupa hutoka kwa baba. Mtoto mwenyewe anatoka kuzimu kwa wahenga, na siku walio hai wanapopiga vigelegele vya uzazi, huko wafu hulia msiba kwa kuwa wamepungukiwa na mwenzao. Thomas Beidelman, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefika Ukaguru mwaka 1957 na kurudi tena miaka ya 1960, aliyasikiliza mafundisho haya kwa wazee na kuendelea kuyaandikia makala na vitabu kwa zaidi ya miaka 40.

Mtu akitazamwa hivyo, maradhi yake hupata sura nyingine. Akiugua bila kupona, au mambo yakimharibikia mfululizo, nduguze hutaka kujua nani anamdai. Huenda ni bibi wa upande wa mama aliyesahauliwa. Huenda ni ugomvi wa kaka na dada ambao wafu hawakuupenda. Swali hilo la mdai ndilo uzi unaopita katika historia ya uganga wa nafsi kwenye eneo la Kilosa na Mikumi. Kila zama iliyopita hapo, ya misafara, misheni, reli, mkonge na hospitali, iliongeza wadai wapya au ilijaribu kuwatimua wa zamani.

Dawa ya kale ya Ukaguru ilikuwa tambiko. Ndugu walikwenda makaburini na majembe, wakapalilia magugu mpaka udongo ukaonekana, wakamwaga pombe na unga, na mkubwa wa ukoo akawaita wafu kwa majina: fulani anaumwa, tumekuja, legezeni. Lakini ndugu wasiopatana hawawezi kutambika wakasikilizwa, na kwa hiyo tambiko lilikuwa pia kikao cha walio hai. Kinyongo kilichofichwa mwaka mzima kilitolewa mbele ya kaburi lililopaliliwa.

Kulikuwa pia na mtani. Koo za Wakaguru zina watani wao, na katika msiba au katika kosa zito linalohitaji utakaso, mtani ndiye anayeruhusiwa kusema na kutenda yale ambayo ndugu wa damu hawawezi. Humtukana mfiwa akacheka, hugusa kinachoogopwa. Yuko karibu vya kutosha kuijua aibu ya ukoo, na yuko mbali vya kutosha asiungue nayo. Yeyote aliyewahi kukaa na mshauri nasaha mzuri ataitambua nafasi hiyo.

Chini ya milima hiyo, bondeni, ulipita ulimwengu mwingine. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata Ukwere na Ukami, ikavuka mbuga ya Mkata na kupanda Usagara kuelekea Mpwapwa, Tabora na Ujiji. Henry Morton Stanley aliivuka Mkata katika masika ya mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na maji na tope la mbuga hiyo vilimtesa yeye, wapagazi na punda wake kwa siku kadhaa. Sehemu ya mbuga hiyohiyo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Njia ya misafara ilipitisha nguo, pembe, bunduki na watumwa. Ilipitisha pia lugha ya Kiswahili, na ndani ya lugha hiyo maarifa ya pwani kuhusu pepo.

Maarifa hayo yaliandikwa mapema na mwenyeji. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa eneo la Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake ndiyo kiini cha kitabu Desturi za Wasuaheli alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903. Humo mambo ya pepo na uganga yanaelezwa na mtu aliyekulia katikati yake, bila haraka ya kuhukumu.

Kupunga pepo kulikuwa na utaratibu wake. Mgonjwa, yaani mwele, hufunikwa nguo na kufukizwa mvuke wa majani yaliyochemshwa chunguni. Ubani na udi huchomwa. Ngoma hupigwa usiku kucha, mdundo ukibadilishwa mmoja baada ya mwingine, kwa maana kila pepo ana mdundo wake na mganga bado hajui ni yupi. Mwili wa mwele unapoanza kutetemeka, pepo amepanda kichwani. Hapo mganga huacha kusema na mwele, akasema na pepo. Nani wewe? Umetoka wapi? Umempatia wapi mtu huyu? Unataka nini? Pepo hujibu kwa sauti isiyo ya mwele, pengine kwa lafudhi ya kigeni. Hulalamika, hukaripia, hudai kanga, pete, mbuzi, marashi, au siku maalumu ya kukumbukwa. Mganga hupatana naye: hiki tutaleta, hiki hatuna, na wewe umwachie mtu wetu alale. Ndugu wanasikia. Mara nyingi kinachodaiwa ni kitu ambacho mwele, kwa kinywa chake mwenyewe, hangethubutu kumwomba mume wala kaka.

Pepo aliyeridhika mara nyingi hakuondoka. Mwele alikuwa kiti chake, akamtunza na kuheshimu miiko yake, na baada ya miaka ya kuhudhuria ngoma za wengine angeweza kuwa mganga mwenyewe. John Janzen, Mmarekani aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake Ngoma mwaka 1992, aliuona mpango huu, wa mgonjwa kuingizwa chamani na kupanda mpaka uganga, kuanzia Afrika ya Kati hadi ya Kusini. Mashariki zaidi ya Kilosa, kuelekea pwani, mtafiti Marja-Liisa Swantz aliueleza uganga wa Wazaramo na ngoma yao ya madogoli katika kitabu cha mwaka 1970.

Orodha ya pepo wa pwani ni historia ya nchi ikiimbwa. Wamo Kinyamkera na Dungumaro, wenye asili ya bara na porini. Wamo ruhani wanaopenda usafi na Korani. Wamo pepo wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Kimasai, wa Kibuki kutoka Bukini, hata wa Kizungu. Linda Giles, aliyechunguza vilinge, yaani mahali pa kupungia pepo, katika pwani ya Kenya na Tanzania katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba jamii ya Waswahili ilijichora humo nzima: waungwana na watwana, wenyeji na wageni, wenye dini na wenye mizimu. Kila aliyewahi kupita mlangoni kwa amani au kwa mabavu alipewa jina, mdundo na haki ya kusikilizwa.

Kisha walikuja watu waliokuwa na jibu moja tu kwa pepo wote. Wamisionari Waingereza wa Church Missionary Society (CMS) walifungua kituo Mamboya, Ukaguru, mnamo mwaka 1880. Mmoja wao, J. T. Last, alijifunza Kikaguru mpaka akachapisha sarufi yake mwaka 1886. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara akikusanya mikataba ya kuwanyang'anya watemi ardhi, na miaka michache baadaye nchi ikawa ya Wajerumani. Katika mahubiri, mizimu ya wahenga na mashetani ya pwani vilitiwa kapu moja: kazi ya Ibilisi, ya kukemewa na kutolewa. Aliyebatizwa alitakiwa kuacha tambiko. Baadaye serikali ya Waingereza ilitunga Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, na mganga mwenye vibuyu vyake alijua kwamba askari mgeni angeweza kumhesabu mchawi.

Tofauti hapa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kilinge kilimwuliza mgeni wa ndani jina na haja yake, kikamtafutia mahali pa kukaa. Misheni ilimtaka atoke. Njia zote mbili zina watu waliopona, na mpaka leo mgonjwa wa Kilosa anaweza kuombewa kanisani Jumapili, kusomewa kisomo cha Korani katikati ya juma, kisha akaenda kwa mganga usiku. Lakini yule aliyefundishwa kwamba kila sauti ya ndani ni adui hubaki akijipiga vita mwenyewe kila sauti inaporudi.

Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ikapitia Kilosa. Mashamba ya mkonge yalitanda Kimamba, Rudewa na kwingineko bondeni, na manamba waliletwa kutoka mbali. Mtu aliyekuwa na makaburi ya kutambikia alijikuta kambini, maili mia kadhaa kutoka kwa wafu wake, akilala karibu na watu ambao hakujua misiba yao.

Ni Mzungu aliyeijua nchi hiyo ya mkonge aliyeandika moja ya taarifa za kwanza zilizoiita ngoma ya pepo tiba. Hans Koritschoner, mzaliwa wa Vienna aliyekuja Afrika Mashariki wakati wa Wajerumani, alichapisha mwaka 1936, katika jarida la wanaanthropolojia wa London, makala aliyoiita Ngoma ya Sheitani, akieleza kwamba ni njia ya wenyeji ya kutibu matatizo ya akili. Baadaye alijulikana kama Hans Cory, akawa mtaalamu wa serikali wa mila na sheria za makabila ya Tanganyika hadi alipofariki mwaka 1962. Maandishi yake yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hospitali nazo zilikuwa na mpango wao. Wajerumani walifungua Lutindi, Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, na Waingereza wakajenga Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920. Mgonjwa wa Kilosa aliyepelekwa Mirembe kwa treni aliondolewa kwa ndugu zake, kinyume kabisa cha kilinge, ambako matibabu bila ndugu hayakuwa na maana. Mwaka 1980 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa afya ya akili ili huduma ishuke mpaka vituo vya afya na zahanati, na mkoa wa Morogoro, pamoja na Kilimanjaro, ulichaguliwa kuwa wa majaribio.

Hospitali ilikuwa na haki katika jambo moja zito. Ukitoka Mikumi kwenda kusini kupitia Kidatu na Ifakara, unafika Mahenge, ambako daktari Mnorwei Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wagonjwa wake walikuwa wametengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto, kwa kuwa watu waliogopa mate yao na kusema ni pepo. Walipopewa vidonge vya fenobabitoni kila siku, wengi wao walianguka mara chache zaidi au waliacha kabisa kuanguka. Ngoma haikuwa na neno la kumwambia kifafa. Anayeutetea uganga wa zamani ana wajibu wa kulisema hilo kwanza.

Wakati Morogoro ikianza mpango wake, huko Chicago mtaalamu wa tiba ya familia, Richard Schwartz, alikuwa akishindwa. Wagonjwa wake walikuwa wasichana waliokula kupita kiasi kisha wakajitapisha. Walimweleza kuna upande ndani yao unaowasuta, upande unaolazimisha kula, na upande mdogo wenye aibu na upweke. Schwartz mwenyewe amesimulia jinsi alivyoupiga vita upande wa mgonjwa mmoja uliomfanya ajikate, mpaka ukaahidi kuacha. Kikao kilichofuata msichana alirudi na jeraha kubwa usoni. Hapo akanyoosha mikono, akauliza upande huo kwa nini unamfanyia hivyo. Ukaanza kueleza: ulikuwa unamlinda, tangu utotoni, dhidi ya maumivu makubwa zaidi. Kutoka hapo alijenga tiba aliyoieleza katika kitabu cha mwaka 1995, ambamo pande za ndani zina kazi zao. Ziko zinazosimamia, zinazokimbilia kuzima moto, na zilizofungiwa kwa sababu zina kumbukumbu chungu. Katikati iko nafsi tulivu inayoweza kuzisikiliza zote.

Maswali aliyojifunza Schwartz kwa kushindwa yalikuwa yakiulizwa kilingeni kabla hajazaliwa: wewe ni nani, ulikuja lini, unataka nini, ukipewa utamwachia? Tofauti nazo zipo. Pepo hutoka nje na ana watu wake. Upande wa Schwartz umezaliwa ndani, katika maisha ya mtu mmoja. Kilinge hufanya kazi mbele ya ukoo, kliniki hufunga mlango. Kilinge hutoza mbuzi na nguo, na waganga walaghai wamewafilisi watu wengi. Kwa mwanamke aliyepigwa nyumbani, faragha ya kliniki inaweza kuwa salama kuliko kusema mbele ya mume. Kwa mjane ambaye shemeji zake wamemnyang'anya shamba, kusema mbele ya ukoo kunaweza kuwa ndiyo tiba yenyewe.

Kilosa ina majeraha ya kutosha ya kusikiliza. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mapigano na wafugaji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukakata reli na kuwapeleka maelfu ya watu kwenye mahema. Pembeni mwa barabara kuu ya Zambia, Mikumi ni mji wa madereva na wa ajali. Tangu mwaka 2002 sheria inawatambua waganga wa tiba asili, na tangu mwaka 2008 iko sheria ya afya ya akili, lakini sheria hizo mbili humfikia mgonjwa kwa milango miwili tofauti. Muuguzi wa zahanati anayesikia mama akisema kuna kitu kinamkaa kifuani na kumwamrisha ana mambo mawili ya kufanya siku hiyohiyo: kupima kama ni maradhi yanayohitaji dawa, kisha kumwuliza kitu hicho kilianza lini, kinasema nini, na kinaogopa nini kikinyamaza. Maswali hayo hayahitaji mashine wala bajeti. Wazee wa Mamboya na waganga wa bondeni wangeweza kumfundisha namna ya kuyauliza.